Kazi ya Kiro

Nilipohamia Kampala nilijifunza Kiganda cha kutosha kujidai, lakini si cha kutosha kunyamaza. Nalisema hilo mapema ili asije mtu mwingine akalaumiwa kwa yaliyotokea. Mimi ni Mkenya. Kiswahili nimekulia nacho, nikakisomea, nikakiringia. Katika kiwanda cha kahawa pale Nakawa nilikoajiriwa, kila mtu alijua kwamba yule mwanamke wa ghorofani akisikia mtu anasema "kitu yangu" hunyanyua nyusi kidogo. Ni kweli, nilikuwa nikinyanyua. Siku hizi sinyanyui.

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa ghala aliingia ofisini akamwambia bosi, "Kiboko imefika, gunia mia mbili." Kwetu kiboko ni mnyama wa mtoni, na kama si mnyama ni mjeledi. Nami nilikuwa nimeajiriwa kuangalia haki za watu, basi nikasimama na kalamu mkononi nikauliza nani anachapwa. Walicheka wiki nzima. Kumbe kwa watu wa kahawa wa Uganda, kiboko ni kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Mwenye akili angechukua somo pale pale.

Kazi yenyewe ililetwa na sheria za mbali. Huko Ulaya wamekata shauri kwamba anayetaka kuuza kahawa kwao lazima ajue imetoka shamba gani, kama msitu ulikatwa ili ipandwe, na kama kila aliyeigusa njiani alitendewa kama mtu. Bosi alinikabidhi sheria hizo kwa sababu, alisema, Wakenya wanapenda maswali. Wenzangu waliziona kama mzigo. Mimi, sitaficha, zilinishangaza kwa uzuri. Vijana wetu walikuwa wakizunguka mipaka ya mashamba na simu mkononi, na shamba likajichora lenyewe kwenye kompyuta yangu. Shamba la bibi mmoja wa upande wa Masaka lilitokea na umbo la sikio. Nililitazama sikio lile hadi chai yangu ikapoa. Bibi yule alikuwa hajawahi kufika Kampala, na kuna mtu Ulaya aliyekuwa akilitazama shamba lake na kuuliza kama amelitunza vizuri.

Nikadhani basi nimeshajua kuona.

Sehemu ya pili ya kazi ilikuwa chini, katika ukumbi wa kuchambua. Ni chumba kirefu chenye paa la juu sana, bati moja la chuma, moja la plastiki linalopitisha mwanga, hadi mwisho. Wanawake thelathini na wanane walikaa kwenye meza ndefu wakitoa punje nyeusi, punje zilizovunjika, vijiwe na vijiti, hadi ibaki kahawa safi. Vidole vyao vilikwenda mbio hata huoni punje inapookotwa, unasikia tu mlio wake ikianguka kwenye bakuli. Nilipoingia mara ya kwanza na faili langu, nikasimama kando nikatazama. Mara mikono yote ikainuka mezani, ikatua mapajani. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hakuna aliyetoa amri. Nikageuka, nikamwona msimamizi amesimama mlangoni, nikaandika: wafanyakazi wanaonyesha hofu mbele ya msimamizi. Kitambo kidogo mikono ikarudi mezani, na mlio wa punje ukaanza tena.

Mahojiano niliyafanya nje, karibu na tangi la maji, ili asisikie mtu. Nilikuwa na maswali arobaini na mawili. Wa kwanza kuitwa alikuwa Nalongo. Nalongo ni mama wa mapacha. Kwa Waganda, mwanamke akijifungua mapacha watu huliweka kando jina lake la zamani na kumwita hivyo kwa heshima, na hata askari wa getini alimwita hivyo. Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, mdogo wa mwili, anayekuja kila asubuhi kutoka Lubaga. Amewalea watoto na sasa wajukuu kwa vidole vyake viwili vya mkono wa kulia.

"Nalongo, kazi yako hapa ni ya namna gani?"

"Ya kiro, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Sisi hapa kazi yetu ni kiro tu."

"Kila siku?"

"Kira siku."

"Na usipofanya hiyo ya kiro?"

"Basi hakuna pesa. Unaludi nyumbani mikono mitupu."

"Nani anawalazimisha?"

Akacheka, akajipiga tumbo kwa kiganja. "Huyu."

Kalamu yangu ikasimama. Neno kiro nililijua vizuri, lilikuwa miongoni mwa maneno yangu ya kwanza ya Kiganda. Mama mwenye nyumba ninayopanga upande wa Naguru kila jioni aliniambia, "Totambula kiro," usitembee usiku. Kiro ni usiku! Wanawake wa umri wa mama yangu wanafanyishwa kazi usiku, kila siku, na asiyekubali hapewi kitu. Nikaandika yote, hata lile tumbo.

Kuuliza si ujinga, watu husema. Basi mimi niliuliza, na bado nikawa mjinga. Niliwaita wengine ishirini, na Waganda wote wakasema kiro. Wanawake wa Kongo wao walisema kilo, nami kwao nikaandika kwamba wanalipwa kwa uzito. Sikushtuka hata kidogo. Nilichoona ni kwamba katika ukumbi mmoja kuna wanaolipwa kwa uzito mchana na wanaolazimishwa usiku, na kwamba tofauti yao ni kabila. Nikaongeza kifungu: ubaguzi. Niliona nimefichua jambo kubwa, na ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri. Nikaituma ripoti kwa mnunuzi, nikashuka kula muhogo wa kukaanga sokoni Nakawa nikiwa na moyo mweupe.

Cha ajabu ni kwamba mambo ya l na r niliyajua. Niliwaeleza hata wageni kutoka Nairobi: hawa ndugu zetu herufi hizo kwao ni mtu na pacha wake, ona kilima kile, kibao kimoja kimeandikwa Rubaga na kingine Lubaga, na wote mnafika kanisa lile lile. Nilieleza vizuri sana. Halafu nikaketi kando ya tangi la maji nikasahau.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi, barua ya adabu. Mnunuzi alishukuru kwa ukweli wangu. Alisema kahawa iliyopita mikononi mwa wanawake hao hatainunua tena mpaka jambo lirekebishwe, na kwamba kama kiwanda kinaona vigumu kulirekebisha, yuko tayari kusaidia kununua mashine ya kuchambua. Mashine hiyo ina kamera. Kahawa inamwagwa juu, na chini inatoka safi bila kuguswa na mkono wa mtu.

Bosi aliisoma barua akiwa amesimama. Ni mtu mpole, hapendi kelele. Picha ya mashine ile ilikuwa kwenye droo yake tangu kabla sijaja.

"Hawa akina mama hawafanyi kazi usiku," aliniambia. "Unajua hilo?"

"Wamesema wenyewe, bosi."

Nilimwona akifikiri. Kisha akaikunja barua taratibu.

"Kama wamesema wenyewe, mimi ni nani? Mashine haina usiku wala mchana. Tutawapa mwezi mmoja."

Nilikuwa nimekwenda kuwatetea wanawake thelathini na wanane na nimewafukuza kazi. Na hata hapo, nikiri, nilidhani bosi anadanganya. Nikateremka ngazi kwenda ukumbini kumwambia Nalongo wasimame imara, waseme mbele ya dunia nzima jinsi wanavyofanyishwa kazi usiku, nami nitakuwa nyuma yao.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akainuka, akanishika mkono kama unavyomshika mtoto anayevuka barabara, akanipeleka kwenye mzani unaoning'inia kwenye nguzo.

"Nyabo, hii ni nini?"

"Mzani."

"Inapima nini?"

"Kilo."

"Eee!" Akawageukia wenzake, akapiga makofi mara moja. "Kiro! Si ndiyo nilikuambia? Tunapima, unapata kiro, wanakulipa kiro. Usiku ni ekiro. Hii ni kiro. Husikii?"

Akayarudia maneno mawili, moja baada ya jingine, polepole. Naapa sikusikia tofauti yoyote; mama mwenye nyumba aliponikataza kutembea usiku, ile e ya mbele ilimezwa na katazo lake, nami sikuwahi kuijua. Ukumbi mzima ulikuwa ukinitazama, na katika kila jicho niliona kwamba wao wanaisikia waziwazi, hata mwanamke mmoja wa Kongo aliyefika mwaka uliopita. Nilitamani sakafu inimeze.

"Na usiku hapa tungefanya nini?" Nalongo aliendelea. "Tazama juu."

Nikatazama. Juu kulikuwa na paa, na mabati ya plastiki, na mwanga. Hakukuwa na balbu hata moja. Hakukuwa na waya. Nilikuwa nimeingia ukumbi ule mara nane na sikuwahi kunyanyua kichwa, maana macho yangu yalikuwa kwenye karatasi.

"Balubu inadanganya," alisema. "Kahawa inataka jua. Kaa."

Nikakaa karibu naye kwenye benchi. Akachota kahawa kiganjani, akaanza kuipanga mezani punje moja moja, akinena kana kwamba anamsengenya jirani. Hii ilikaushwa chini kwenye udongo, mwenyewe hana turubai. Hii ilinyeshewa, walikuwa msibani hakuna aliyeianua. Hizi za kijani kibichi zilivunwa kabla ya kuiva. Huyo alikuwa na halaka, labda ni ada ya shule, labda ni mgonjwa. Hii nzuri sana, ona tumbo lake, huyu mtu anaipenda kahawa yake. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia, "Naona."

Sijui nilieleze vipi lililonipata pale. Juu kule ofisini nilikuwa na mashamba yote, kila kona, na nilidhani nimemjua bibi wa Masaka kwa sababu nimeliona sikio la shamba lake. Na hapa chini kulikuwa na mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwasoma watu wale kwa vidole, msiba wao na haraka zao, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Nililia. Nalongo akadhani nalilia kazi yangu, akanipa kona ya leso yake.

Siku ile ile nilipanda juu nikaandika kukanusha. Fomu ya mnunuzi kwenye mtandao ilikuwa na majibu matatu ya kuchagua: limetatuliwa, linatatuliwa, kiwanda kinakataa. Hakukuwa na mahali pa kusema nilisikia vibaya. Nikaandika barua ya kawaida, nikaeleza kilo na kiro, nikaandika kwa herufi wazi kwamba kosa ni langu na si la mtu mwingine. Bosi aliposikia hakupaza sauti. Alisema tu kwamba wakiniona mwongo, hataweza kunibakiza, na nikajua anasema kweli. Mnunuzi akajibu kwamba karatasi haiwezi kuifuta karatasi nyingine. Atamtuma mtu aje aone.

Mkaguzi alifika wiki mbili baadaye, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kutembelea milimani. Alikuja na mkalimani, mzee mmoja Mnubi wa Uganda, mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili na kati ya Waganda. Mkaguzi alitaka swali liulizwe vile vile nilivyouliza mimi, kwa maneno yale yale, na mbele ya watu wote. Mimi niliambiwa nisimame nyuma na nisifungue mdomo. Bosi alisimama kando yangu, mikono nyuma.

"Mama, kazi yako hapa ni ya namna gani?" mkalimani akauliza.

"Ya kiro," akasema Nalongo.

Nilifumba macho. Mkalimani akatafsiri bila kusita kwamba analipwa kwa uzito. Mkaguzi akafungua ripoti yangu, akaweka kidole kwenye mstari wangu, akauliza kwa upole kwa nini basi hapa imeandikwa usiku. Mzee akaeleza. Mkaguzi akasema anaelewa, lakini ripoti inasema hivi na yeye anasema vile, na kesho yeye akirudi kwao ataulizwa amejuaje nani msema kweli. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa akiifanya kazi yangu vizuri kuliko nilivyoifanya mimi. Nalongo alikuwa ameacha kumsikiliza. Punje zilikuwa zinamngoja, akarudisha vidole mezani.

Ndipo wingu lilipopita.

Halikuwa wingu kubwa. Mwanga ulipungua kidogo tu, kama pazia jepesi linapovutwa, na mimi nisingelitambua. Lakini mikono yote thelathini na minane ya kulia, pamoja na ile ya kushoto, ikainuka mezani kwa pamoja na kutua mapajani. Mlio wa punje ukakatika. Kimya kikaingia ukumbi mzima, na hakuna aliyemtazama mwenzake, wala mkaguzi, wala bosi. Walikuwa wanangoja jua, basi. Niliisikia bodaboda ikipita barabarani. Kisha mwanga ukarudi, na mikono ikarudi, na punje zikaanza kuanguka kwenye mabakuli kama mvua inapoanza juu ya mabati.

Ile ndiyo hofu niliyoiandika. Nilikuwa nimesimama mbele ya jambo lile mara ya kwanza kabisa na nikaliita woga.

Mkaguzi alinyanyua kichwa akatazama paa muda mrefu. Alitembea kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine akiwa ametazama juu, akitafuta waya. Aliporudi akaifunga ripoti yangu. Bosi alishusha pumzi, na mimi nikashusha. Lakini mkaguzi hakuondoka. Alichutama karibu na Nalongo akauliza swali ambalo halikuwa katika maswali yangu arobaini na mawili.

"Na wingu likikaa siku nzima?"

Nalongo akamtazama mkalimani, kana kwamba ameuliza kitu cha kitoto.

"Basi hakuna kiro."

"Mnakuja?"

"Tunakuja. Unajuaje jua halitatoka? Tunakaa. Jioni tunaludi."

"Bila kitu?"

"Bila kiro utapewa nini?"

Hapo ndipo ukweli ulipokuwa umelala wakati wote, na wote tulikuwa tukiuruka. Nalongo aliniambia siku ya kwanza, karibu na tangi, mikono mitupu, nami nikaliandika neno hilo chini ya kichwa kisicho chake. Misimu mizima ya mvua, Kampala ikiwa na wingu kuanzia asubuhi, wanawake wale walikaa na mikono mapajani hadi jioni wakarudi Lubaga na kwingineko kama walivyokuja, na kwa kuwa hakuna aliyewalazimisha, hakuna aliyeona kosa.

Mnunuzi aliendelea kununua. Fedha ya mashine haikuja, na picha yake ingali kwenye droo. Siwezi kusema haitatoka siku moja. Mimi nilibakizwa, kwa onyo la maandishi, na nililistahili. Lakini sharti moja liliandikwa na mkaguzi, naye bosi akalitia sahihi baada ya kulizungusha siku tatu: siku ya wingu ni siku ya kazi. Aliyekuja akakaa, alipwe siku yake.

Mvua ya kwanza ya msimu ilinyesha Jumanne. Ilianza kabla ya saa mbili asubuhi, na hadi saa nane ukumbi ulikuwa bado giza kama ndani ya kikapu. Nilishuka nikakaa nao kwenye benchi. Hatukuzungumza sana. Mtu alimenya chungwa, likapitishwa. Mikono ilikuwa mapajani na kahawa imelala mezani bila kuguswa, na mzani ukaning'inia kwenye nguzo siku nzima bila kitu. Saa kumi na moja msimamizi akaleta daftari. Wakajipanga mstari, mmoja mmoja akatia kidole gumba kwenye wino. Wengine walitia na kubaki wamesimama, kama wanaongoja kuambiwa kwamba ni makosa.

Nalongo alikuwa wa mwisho. Alikitazama kidole chake, akakifuta kwenye leso, akajifunga vizuri tayari kuingia mvuani. Aliponipita akanigusa bega.

"Nyabo," alisema, "leo tumefanya kazi ya ekiro."

Nyuma yake wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka hadi machozi, kwa sababu ile e, nyepesi, mbele kabisa ya neno, niliisikia.